Nani Mwenyewe? Kumiliki na Kupagawa katika Kinjeketile

Mwaka jana, katika semina ya tafsiri, tulipewa kazi iliyoonekana ya dakika tano. Mwalimu aliandika ubaoni kichwa cha riwaya ya A.S. Byatt, Possession, iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 1990, akatutaka tukitafsiri. Kichwa tu, si riwaya nzima. Mimi nikaandika upesi "Umiliki", nikaweka kalamu chini. Jirani yangu akaandika "Kupagawa". Tukachunguliana, kila mmoja akadhani mwenzake hakusikia swali. Saa mbili baadaye tulikuwa na majibu kumi na moja ubaoni, na hapakuwa na hata moja lililomridhisha mtu zaidi ya yule aliyelitoa.

Walioisoma riwaya hiyo wanajua kwa nini sote wawili tulipata na sote wawili tulikosa. Mtafiti kijana, Roland Michell, anakuta rasimu za barua za mshairi wa karne ya 19 ndani ya kitabu kikuukuu katika Maktaba ya London. Badala ya kumpa mkutubi, anaondoka nazo. Tangu hapo zinagombewa. Yuko Mmarekani mwenye fedha anayekusanya kila kilichoguswa na mshairi yule. Liko suala la kisheria: karatasi ni ya nani, na maneno yaliyo juu yake ni ya nani, maana karatasi huweza kuwa ya aliyeandikiwa na maneno yakabaki ya aliyeandika. Wako wapenzi wanaoogopa kugeuzana mali. Kuna kikao cha kuita roho za wafu. Neno moja la Kiingereza linayachukua yote hayo.

Kiswahili hakina neno hilo. Wapo waliosema pale semina, tena kwa huzuni, kwamba huo ni upungufu wa lugha yetu. Mimi sikubali, na makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini. Nitaangalia kwanza jinsi lugha yetu inavyoigawa dhana hii, kisha nitaingia katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), ambayo naamini tumekuwa tukiisoma na kuifanyia mitihani kwa neno ambalo si lake.

Tuanze na sarufi, maana wanaisimu wametuachia mtego. Maneno kama -angu, -ako na -ake huitwa vimilikishi. Jina zuri, lakini hebu lijaribu. Kalamu yangu, sawa, nimeinunua. Adui yangu je, nammiliki? Njaa yangu? Kijiji changu, ambacho hata kiwanja sina? Kinachosemwa na -angu ni kwamba mimi na kitu hicho tuna uhusiano, basi. Na kitenzi chenyewe hatuna. Sisi tunasema kuwa na, yaani kuwa pamoja na kitu. Nina gari, nina homa, nina mgeni, nina deni: muundo ni mmoja. Anayesema ana gari hajadai zaidi ya kwamba yeye na gari wako pamoja kwa sasa. Kama kaliazima au kaliiba, hiyo ni habari nyingine. Hata mshtakiwa wa bangi mara nyingi husomewa kwamba "alikutwa na" misokoto kadhaa. Bangi ilikuwa ya nani? Hapo panaachwa wazi, na ndipo wakili wake anapopatafuta.

Kumiliki limetujia kutoka Kiarabu pamoja na ndugu zake: milki, mamlaka, malkia. Ukoo mzima unanuka utawala. Ndiyo maana nashangaa tunavyolitupa hovyo siku hizi. Mtangazaji wa mpira anatuambia timu imemiliki mpira kwa asilimia 60, na bado imefungwa tatu bila. Mashabiki wa upande wa pili nao, kwa mujibu wa mtangazaji huyo huyo, "wamepagawa". Kwa hiyo ndani ya dakika tisini neno la Byatt limetumika lote, nusu uwanjani na nusu jukwaani, na hakuna aliyelalamika kwamba lugha imepungukiwa.

Kwenye ardhi lakini mzaha unakwisha. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mwananchi, kwa Kiingereza cha sheria hizo, ni haki ya kukalia na kutumia. Karatasi hiyo hiyo kwa Kiswahili tunaiita hatimiliki, na ile ya kijijini hati ya hakimiliki ya kimila. Mtu anatoka ofisini na karatasi ambayo kwa lugha moja inasema anakaa na kwa lugha nyingine inasema anatawala. Tofauti ataijua siku watu wa barabara watakapokuja na vigingi vyao.

Sasa nusu ya pili. Kupagawa ni kutendwa kwa kupagaa, na kupagaa, katika kamusi za zamani, ni kubeba begani. Humo humo ndimo alimotoka mpagazi, yule aliyebeba pembe na vitambaa vya misafara kati ya bara na Bagamoyo. Kwa maana hiyo aliyepagawa amebebwa. Lakini wenye ngoma zao huko pwani husema kinyume: pepo humpanda mtu, humkaa kichwani, na mtu huyo huitwa kiti. Nani basi kambeba nani? Halafu tazama neno mwenyekiti, tunalolitumia kila siku katika mikutano yetu ya chama cha wanafunzi. Kama mgonjwa ni kiti, pepo ndiye mwenye kiti. Msicheke, nitalihitaji neno hili baadaye kidogo.

Pepo akishapanda hudai vitu. Pete, kilemba, udi, kitambaa cha rangi yake. Kibuki wa Unguja, ambao asili yao huhesabiwa kuwa Madagaska, hutaka brandi. I.M. Lewis, katika Ecstatic Religion ya mwaka 1971, aliona hapo mbinu ya wanyonge: mwanamke asiye na sauti huazima sauti ya pepo, na mume hulazimika kufungua mfuko. Linda Giles, aliyefanya utafiti katika pwani yetu, alimpinga katika makala ya mwaka 1987. Alisema ngoma hizi si za wanyonge waliosukumwa pembezoni peke yao. Zimo katikati ya utamaduni wa Waswahili. Mimi niko upande wa Giles, na sababu yangu sikuitoa maktaba.

Bibi yangu mzaa mama, huko upande wa Pangani, alikuwa kiti. Nilipokuwa mdogo tulikatazwa kugusa kikapu kilichokaa juu ya kabati lake. Ndani yake mlikuwa na pete ya fedha, kitambaa chekundu na chetezo. Babu alipofariki mirathi iligawanywa kwa sheria ya dini, na wala siwezi kusema ilikosewa. Mtoto alikuwa mmoja tu, mama yangu, akapata nusu. Bibi kama mjane akapata thumni. Mabaki, yaani thumni tatu, yakaenda kwa ndugu za babu. Tatizo nyumba haikatwi kwa msumeno. Ndugu walitaka fedha yao, mama hakuwa na ya kuwalipa, nyumba ikauzwa. Bibi alikuwa ameishi humo zaidi ya miaka arobaini. Ukimuuliza alikuwa na nyumba, atakujibu ndiyo, alikuwa nayo, na hasemi uongo: alikuwa pamoja nayo.

Siku ya kuorodhesha vitu walikuja wazee watatu na daftari. Waliandika vitanda, cherehani, masufuria, mlango wa nakshi, hata kinu. Walipofika kwenye kabati mmoja akaonyesha kikapu kwa kidole. Bibi akasema, "Hicho si changu mimi. Kina mwenyewe." Basi. Daftari likasonga mbele. Katika nyumba nzima kitu pekee ambacho hakikuandikwa, hakikuthaminiwa na hakikugawanywa kilikuwa kikapu cha pepo, kwa sababu wote mle chumbani walikubali kwamba kina mwenyewe, na mwenyewe hayuko katika orodha ya warithi.

Hapo ndipo nilipolisikia neno ambalo semina nzima ililikosa. Mwenyewe. Kwa Kiswahili mwenyewe ni mwenye mali: gari hili mwenyewe nani? Na mwenyewe ni nafsi: nimemwona mimi mwenyewe. Lugha nyingine huziweka maana hizi katika maneno mawili. Sisi tumeziweka katika nyumba moja, kana kwamba kuwa mtu na kuwa mwenye kitu ni swali lile lile linaloulizwa mara mbili. Ndiyo maana tunaweza kusema juu ya aliyepandwa kwamba anayezungumza si yeye mwenyewe, na tukawa tumesema mambo mawili kwa mpigo: amepotewa na nafsi, na mwili wake kwa saa hiyo una mwenye mwingine.

Turudi darasani. Swali la Kinjeketile limekuwa likija kwa sura moja tangu tukiwa sekondari: jadili jinsi Kinjeketile alivyotumia imani ya maji kuwaunganisha wananchi. Sote tunalijua jibu lake. Makabila yalikuwa yametengana, Mjerumani alikuwa na bunduki, kiongozi mwenye busara akaona imani ndiyo silaha, akaitumia. Aya nne, hoja tano, alama zinapatikana. Neno ninaloligombea ni hilo "alivyotumia". Mtumiaji ni mwenye chombo. Fundi hutumia nyundo, nyundo haimtumii fundi. Sasa nionyesheni ni wapi katika tamthiliya Kinjeketile ni mwenye maji.

Mambo yanayotendeka jukwaani ni haya. Mtu anavutwa na kuingia mto Rufiji, watu wanamhesabu amekwisha kufa. Anatoka akiwa na Hongo kichwani, anazungumza maneno makubwa: maji yatawakinga, watu watakuwa kitu kimoja, Mjerumani ataondoka. Katika hali hiyo hiyo yanamtoka maneno kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akitulia ndipo anayapima maneno hayo, na yanamtisha. Kumtoa Mjerumani ili kuwa chini ya Sultani wa Unguja ni kubadilisha mwenye tu. Ni nani basi aliyesema vile? Kama ni Hongo, Hongo ni wa nani? Kama ni yeye Kinjeketile, mbona hakuwa na habari? Kiongozi aliyetunga hila ili awaunganishe watu hangekuwa na sababu ya kuingiwa na woga wa namna ile kwa maneno ya kinywa chake.

Msisitizo wangu ni kwamba huu si udhaifu wa mhusika, ndio mgogoro wenyewe wa mchezo. Kinjeketile ni kiti ambacho kimeamka na kuanza kuuliza habari za mwenye kiti. Naye anachelewa kuuliza, kwa kuwa neno limekwishatoka. Watu wamelichukua, wanalitembeza kijiji hadi kijiji, na kila wanapolifikisha linakuwa kubwa zaidi. Anawaambia wangoje, hawangoji. Kitunda, ambaye ndiye fundi wa vita na ndiye kwa hakika "anayetumia" kitu katika mchezo huu, anawafundisha kupigana. Lakini hata yeye hawezi kuwazuia watu ambao wanaamini risasi itageuka maji. Wanakwenda kwenye ngome, bunduki za Wajerumani zinawafyeka.

Naomba nifungue mabano kuhusu jina Hongo. Kwa misafara ya karne ya 19 hongo ilikuwa malipo aliyodai mtawala wa nchi ili wapagazi na mizigo yao wapite. Leo hongo ni rushwa. Sidai kwamba jina la pepo limetoka huko. Lakini mtazamaji Mswahili akikaa ukumbini anasikia jina la pepo na anasikia pia malipo ya kupita, na sioni kwa nini ajizibe masikio. Watu wa Rufiji na Matumbi walitaka kupita kwenda kwenye uhuru. Walichotozwa njiani kinafahamika.

Mwalimu mmoja niliyemsomea rasimu ya hoja hizi alinionya kwamba ninarudi kwenye mizimu, na kwamba uhakiki wa aina hii unaficha mahusiano ya uzalishaji: pamba, kodi, kiboko. Ni onyo la haki. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kwa watu wa Matumbi kung'oa pamba ambayo walilazimishwa kuilima, si kwa mjadala wa nafsi. Lakini nauliza: suala la pamba ni suala gani kama si hili hili? Mkono unaolima ni wangu, jasho langu, mashina ya pamba yako kijijini kwangu, ila pamba ina mwenyewe na mwenyewe si mimi. Mchezo unapoanza watu wana njaa wakati mikono yao iko katika shamba la Mjerumani. Miili yao tayari ina mwenye mwingine kabla Hongo hajampanda mtu yeyote. Kupagawa kwa Kinjeketile kunawashangaza kwa ukubwa wake, si kwa ugeni wake. Wote walikwisha kuwa wapagazi.

Na ndiyo sababu nadhani Hussein alihitaji pepo na si mwanasiasa. Alieleza waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa Agosti 4, 1905, vita vikiwa ndio kwanza vinashika. Angeweza kumbuni mjanja. Kumbuni mjanja kungekuwa rahisi zaidi, na swali letu la mtihani lingekuwa sahihi. Amembuni mtu ambaye ukweli umepitia mwilini mwake bila kuwa wake.

Tazama sasa mwisho. Kinjeketile amekamatwa, amepigwa, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa. Watoto wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana, na yeye hatawapa maadui neno hilo. Wahakiki wengi husoma hapa ushujaa, nami sibishi. Ila nasoma na kitu kingine. Mtu hukanusha kilicho chake. Neno lile lilikwisha kutoka mikononi mwa Hongo, kama liliwahi kuwa la Hongo, likatoka kwa Kinjeketile pia, na waliokufa nalo ndio waliolilipia. Kulikanusha kungekuwa kutoa mali ya watu. Bibi yangu na kikapu chake angemwelewa bila kusoma tamthiliya.

Hapo hapo kuna jambo linalonisumbua, na silifichi. Kama neno si la Kinjeketile, nani anabeba lawama ya waliokufa? Usomaji wangu unamwachia mlango wa kutokea ambao sina hakika kwamba anastahili. "Si mimi, ni pepo" ni maneno ambayo tumeyasikia kwa watu wabaya vilevile, na wajane wa vita vile hawakupewa pepo wa kumshtaki. Hussein anaufunga mlango huo nusu tu: Kinjeketile anaungua moyoni kwa waliokufa, lakini hatumwoni akisimama mbele ya mjane mmoja na kujibu. Ningependa kuona tukio hilo. Wasomaji wanaodhani limo, waniandikie ni onyesho la ngapi.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula swali lilikuja tena, na "alivyotumia" yake. Niliandika kwamba hakutumia, alitumiwa, kisha nikaeleza kama nilivyoeleza hapa kwa ufupi. Nilipata alama 11 kati ya 25, na pembeni kwa wino mwekundu: "Hujajibu swali." Kweli sikulijibu. Wenzangu watakaokutana nalo mwakani wafanye hesabu zao vizuri, alama zina mwenyewe pia.

Kuhusu riwaya ya Byatt, tafsiri ya kichwa nilikuwa bado nadaiwa. Juzi nimempelekea mwalimu karatasi yenye neno moja, "Mwenyewe". Ameirudisha leo asubuhi, hakuweka alama, ameandika chini yake: "Wa nini?"